Siku Mkwe wa Jumbe Alipotangulia Barazani

Mkitumwa kijiji msichokijua, wanangu, acheni kwanza hotuba mliyofundishwa. Kaeni jikoni na wanawake, menyeni mihogo, kisha ulizeni nani kamwoa binti wa nani. Mambo ya vyoo na chanjo na maji yatafuata yenyewe. Mimi sikuambiwa hivyo nilipoanza kazi. Nilikuja kuyajua baadaye, na kuyajua kulinichosha kuliko safari zote nilizokwenda kati ya Korogwe na Handeni.

Nawaona mnakuja hapa Masuguru na kalamu zenu, mnaketi kwa adabu, mnaniamkia, mnataka niwaeleze jinsi wanawake walivyoingia katika serikali ya kijiji wakati wa Mwingereza. Mnatazamia vifijo. Vifijo vilikuwepo, lakini vilikwisha upesi. Nilichobaki nacho ni magoti yanayouma na sura za watu wachache ambao nikiwakumbuka nachoka moyo hata leo. Nitawaeleza kama inavyonijia. Nikiruka huku na huko mnivumilie, maana hata kazi yenyewe haikwenda kwa mstari.

Kazi yangu iliitwa maendeleo, na watu wa vijijini wakaniita Bi Maendeleo hata jina langu la ubatizo likasahaulika. Mimi ni Mshambaa wa milimani. Nilisoma kwa masista, nikajua kushona, kupima watoto na kupika uji wa lishe. Ofisi ya wilaya ikanipa baiskeli na cherehani ya mkono, ikaniambia nishuke Uziguani nikaanzishe vilabu vya akina mama. Nilikuwa msichana bado, na nilikuwa nimejaa maneno. Ningekutana leo na yule msichana ningemwambia anyamaze kidogo.

Kijiji cha kwanza nilichofungulia cherehani, wanaume walikuja wengi kuliko wanawake. Walisema wamekuja kuilinda. Waliilinda kutwa nzima, wakizungusha gurudumu kwa zamu, na wake zao wamesimama nje na watoto mgongoni. Jua lilipotua tulikuwa tumeshona suruali za wazee wawili na kitambaa cha magauni ya watoto kilikuwa kimekwisha. Tangu siku ile nilijifunza kuanza na somo la kufua nguo za watoto wachanga. Niliomba niletewe zilizo chafu kweli, nikazitandaza mbele ya watu. Wanaume walikumbuka shughuli zao mmoja mmoja wakaondoka, ndipo nikafungua sanduku la cherehani. Hilo mnaweza kulitumia hata leo.

Aliyenifundisha njia alikuwa tarishi wa boma la Handeni, Mzee Kibwana, Mzigua mwenye kofia nyekundu na kaptula ya kaki iliyopigwa pasi hadi ikasimama yenyewe. Boma lilimtuma afuatane nami kwa sababu halikutaka mwanamke atembee peke yake na mali ya serikali. Nadhani walihofia zaidi cherehani. Mzee Kibwana alinifundisha nisishuke kwenye baiskeli katikati ya kijiji bali mwanzoni, nitembee kwa miguu nikiikokota, nisikatae chakula hata kama nimeshiba, na nisimwulize mtu ana ng'ombe wangapi. Mengi mengine aliyajua asiniambie, kwa sababu kwake yalikuwa mambo ya kila siku na hakudhani kuna mtu mzima asiyeyajua.

Sasa niwapeleke Kwedimvumo, maana ndiko mnakotaka kufika.

Kwedimvumo ni mwendo wa asubuhi nzima kutoka Handeni mjini, nchi kavu, vichaka na miiba, mvua ya kubahatisha. Nilifika mara ya kwanza wakati wa kiangazi nikafundisha uji. Nilieleza unga, nikaeleza maziwa na karanga. Wanawake walinisikiliza kwa heshima hadi mwisho. Kisha mmoja, mfinyanzi wa mitungi, mjane wa makamo aliyeitwa Bi Mwantumu, akaniuliza uji huo unapikwa kwa maji gani. Akaniletea maji ya nyumba yake kwenye kibuyu. Yalikuwa mazito, rangi ya chai ya maziwa, na yananuka zizi.

Kijiji kilikuwa na bwawa moja, walilolichimba wenyewe kwa amri ya boma. Lakini sheria ya kulitumia iliwekwa na baraza la kijiji, na baraza lilikuwa la wazee wenye ng'ombe. Sheria ilisema ng'ombe wanywe kwanza, alfajiri, ili wawahi malishoni. Wanawake walichota baadaye, ng'ombe wakishakanyaga na kujisaidia humo. Watoto walihara kiangazi chote. Mimi nilikuwa nafundisha kuchemsha maji, nao walikuwa wanachemsha matope.

Nilipeleka habari bomani. Kumbe boma nalo lilikuwa limepata amri kutoka juu kwamba mabaraza ya vijiji yaanze kuwa na wanawake. Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, akaja Kwedimvumo mwenyewe na gari lake, akakusanya watu, akasema baraza lichague mwanamke mmoja walau. Nilitazamia ubishi mkali. Nilikuwa nimejiandaa usiku uliotangulia, nimepanga majibu. Badala yake mzee mmoja akasimama, akamtaja Bi Mwantumu, akamsifu kwa busara zake, na mikono yote ya wanaume ikainuka. Jumbe mwenyewe, mkuu wa kijiji, aliinua wake.

Huyo Jumbe Mhina alikuwa bado kijana kwa cheo hicho, mtu mrefu, mpole, anayevaa kanzu safi na kuendesha baiskeli polepole asipate vumbi. Ng'ombe wake hawakuwa wachache. Nilipomwona naye ameinua mkono nilipiga vigelegele. Nilipiga peke yangu. Wanawake waliosimama nyuma walikuwa kimya, nikadhani ni haya ya ugeni wa Mzungu.

Mwezi uliofuata nilirudi kwa lori la mkonge hadi njia panda, kisha kwa baiskeli, nikiwa na hamu ya kumwona Bi Mwantumu amekaa na wazee. Nyumba ya baraza ilikuwa ya udongo na paa la bati, ina mlango mmoja na dirisha moja. Nikachungulia mlangoni. Jumbe yumo, karani yumo, wazee wamo, yeye hayumo. Nilimkuta nyuma ya nyumba, ameketi chini ya upenu, kanga ameivuta hadi puani, amegeukia porini. Nikamwambia wanamngoja, aingie. Nikamshika mkono. Wanawake waliokuwa wakipita na mitungi wakacheka, lakini kicheko cha kuchoka, kama mtu anayemcheka mtoto anayetaka kushika moto.

"Jumbe ndiye mume wa Zaina wangu," Bi Mwantumu akaniambia. "Ameshaketi. Nitaingiaje?"

Ninyi siku hizi mnakaa meza moja na wakwe zenu, mnapokezana chumvi. Kwa Wazigua wa wakati ule, na hata kwetu Shambaani, mwanamume hakumtazama mama mkwe wake usoni. Hakula mbele yake, hakulitaja jina lake, hakuingia nyumba aliyomo, wala mama hakuingia alimo yeye. Wakikutana njiani mama alisimama akajifunika, na mwanamume aliacha njia akaingia porini, hata kama ni miiba mitupu, mpaka mama apite. Haukuwa uadui. Ilikuwa heshima, na mkwe mwema alisifiwa kwa wepesi wake wa kukimbia. Jumbe Mhina alikuwa mkwe mwema sana. Alimwezekea mama mkwe wake nyumba bila kuonana naye, na kila alipochinja alipeleka paja kwa mkono wa Zaina.

Kwa hiyo mmeelewa walivyofanya. Wanaume wote wa kijiji walijua, na wanawake walijua, na hakuna aliyenidokeza. Wanaume walimchagua kwa furaha mwanamke ambaye asingeweza kuvuka kizingiti kile. Na karani aliandika kwamba mjumbe mwanamke hakuhudhuria. Akikosa vikao vitatu mfululizo kiti kingekufa, na boma lingeambiwa kwamba wanawake wa Kwedimvumo walipewa nafasi wakaikataa wenyewe. Nilipomweleza Mzee Kibwana alicheka hadi akakohoa. Akasema wazee wale wangestahili kufanya kazi London. Mimi nililia kwa hasira, na yeye akaona haya, akaenda kunitafutia mahindi ya kuchoma.

Nilikwenda nyumbani kwa Bi Mwantumu nikamshauri akiachie kiti, achaguliwe mwingine asiye na ukwe na mtu yeyote barazani. Alikuwa anakanda udongo wa mitungi. Aliendelea kukanda mpaka nikamaliza. Akasema huyo mwingine watampata vipi, kijiji kizima ni wakwe na wakwe. Akaniuliza, mimi niliyesoma, watu wawili wa ukwe wakikutana njiani, ni nani anayeingia porini. Nikasema mwanamume. Akasema basi, na akarudi kwenye udongo wake.

Kikao kilichofuata, mara tu baada ya sala ya alfajiri, Bi Mwantumu alichukua mkeka wake akaenda kwenye nyumba ya baraza ikiwa tupu. Akatandika katikati, akakaa, akajifunika kanga kichwani. Nami nilikaa karibu na mlango. Wazee wakaja mmoja mmoja, kila mmoja akifika mlangoni anasita, anaamkia, anaingia akitafuta pa kuweka macho. Hakuna aliyethubutu kumwambia aondoke. Kumtolea ukali mama mkwe wa jumbe ni kumtukana jumbe, na kumgusa ndiyo hata usiseme.

Jumbe akatokea na baiskeli yake. Mzee mmoja akakohoa kwa nguvu ili kumjulisha. Aliona mkeka kwa ndani, akashuka baiskeli palepale kana kwamba tairi limepasuka, akageuka, akazunguka nyumba. Tukasikia akijisafisha koo chini ya upenu, mahali palepale alipokuwa ameketi mama mkwe wake mwezi uliopita.

Kikao kikaanza hivyo. Jumbe nje, baraza ndani, karani akikimbia kati ya meza na dirisha kupokea maneno, jasho linamtiririka. Waliandika habari za kodi na barabara. Kisha Bi Mwantumu akaomba kusema. Hakupandisha sauti. Alisema wanawake wanataka wachote maji alfajiri mpaka jua litoke, ndipo ng'ombe waingie. Mzee mmoja akaanza kueleza umbali wa malisho. Bi Mwantumu akamwuliza kwa upole kama mjukuu wake aliyeharisha tangu juzi ameshapona. Mzee yule akaangalia miguu yake.

Wote tukageukia dirisha. Jumbe angeweza kulipinga jambo lile. Ng'ombe wengi wa bwawa lile walikuwa wake. Lakini angelipinga kwa kinywa gani? Kubishana na mama mkwe mbele ya watu, hata kwa kupitia dirishani, kulikuwa aibu ambayo ingefuata ukoo wake wote. Tulingoja. Karani alisimama dirishani na kalamu yake.

"Andika alivyosema mama," Jumbe akasema kutoka nje.

Wanawake walichota maji safi kesho yake. Nilikwenda kuona. Hawakuimba wala kucheza, msidanganywe na watu wanaosimulia mambo haya kwa ngoma. Walichota haraka na kimyakimya, kama watu wanaoogopa kuitwa warudi. Lakini nilimwona mmoja akiinama, akatia kiganja, akanywa palepale bwawani. Nilifurahi siku ile kuliko siku yoyote ya kazi yangu. Niseme hivyo, maana ni kweli, na maana yanayofuata sikufurahi nayo.

Mnafundishwa kwamba sheria ikishapita kazi imekwisha. Kazi ndipo inapoanza. Bi Mwantumu alijua kwamba akiacha kwenda, wazee watairudisha sheria ya zamani kikao hichohicho. Kwa hiyo kila mwezi alitangulia na mkeka wake, na kila mwezi Jumbe alisimama nje, jua lake, mvua yake. Habari ikafika Handeni sokoni. Majumbe wenzake wa vijiji vingine wakaanza kumwita Jumbe wa Dirishani. Alipokwenda bomani kwenye mkutano mkubwa, mmoja alimfungulia dirisha akamwuliza kama angependa kupitisha maneno yake pale. Watu wakacheka sana. Yeye pia alicheka kidogo, lakini Mzee Kibwana aliyekuwepo aliniambia kwamba chai yake hakuinywa.

Si mtu mbaya. Nataka mlijue hilo. Alivumilia msimu mzima bila kumwinulia mkewe sauti. Nilimkuta njiani mara moja, akanisaidia kuziba tairi la baiskeli yangu, akaniuliza habari za mama yangu mlimani. Hakutaja baraza. Nilitaka kumwambia neno la pole nikakosa, kwa sababu pole yangu ingekuwa na uongo ndani yake. Nilikuwa nataka abaki nje.

Siku moja ya kiangazi nilikuwa nimelala kwa Bi Mwantumu, maana nilikuwa na klabu kesho yake. Asubuhi aliniambia kwa sauti ya kawaida kwamba niende bomani nikaseme anaacha kiti. Jumbe alikuwa amemtuma mjomba wake kwake. Maneno ya mjomba yalikuwa mafupi: Jumbe hawezi tena kusimama nje ya nyumba yake ya kazi, na hawezi kumwondoa mama mkwe wake, basi amebaki na njia moja tu, kumwacha Zaina ili ukwe uishe, na njia hiyo haitaki. Anamwomba mama amwonee huruma. Bi Mwantumu aliniambia hayo huku akifagia, na alifagia mahali pamoja mpaka pakawa na shimo. Alisema ana mtoto mmoja tu. Nikamjibu kwamba nimeelewa, nikaanza kufunga cherehani kwenye baiskeli.

Ndipo Zaina akaingia uani. Mnajua mimi nilikuwa sijamwangalia vizuri siku zote zile, nilimhesabu kuwa binti wa huyu na mke wa yule. Alikuwa mwanamke mwembamba, mtulivu, aliyeolewa miaka kadhaa na hajajaliwa mtoto. Kichwani alikuwa na sanduku la nguo, na juu ya sanduku mkeka wake uliokunjwa. Mama yake alipoona sanduku aliweka fagio chini.

"Nimemwambia Bi Maendeleo apeleke neno bomani," akamwambia. "Naacha. Rudi kwako."

"Usiache, mama. Mimi nimeshatoka."

Mama akamwambia bado kuna muda, mjomba bado yuko njiani kurudi, jambo litamalizwa kabla ya adhuhuri. Zaina alitua sanduku polepole. Uso ulikuwa umevimba kwa kulia, lakini sauti haikutetemeka. Alisema mume wake hakumfukuza. Jana walikaa wakazungumza mpaka maneno yakaisha, na yeye ndiye aliyeomba talaka.

"Ukiacha kwa ajili yangu," akasema, "kesho bwawani nitasimama na nani?"

Niliifungua cherehani kutoka kwenye baiskeli nikairudisha ndani. Sikwenda bomani. Siku ile sikufundisha kitu. Wanawake wa klabu walikuja, wakaona sanduku uani, wakakaa na Zaina bila kuuliza, wakamsukia mkeka mpya hadi jioni.

Mahari ilirudishwa na mambo yakafanywa kwa heshima pande zote mbili. Kwa kuwa hapakuwa na mtoto, ukwe ulikwisha, na ukwe ukiisha miiko yake nayo huisha. Siku ya kikao, Bi Mwantumu alitangulia na mkeka wake kama kawaida. Jumbe Mhina alifika, akaegemeza baiskeli ukutani, akaja moja kwa moja mlangoni, akavua viatu, akaingia. Hakuna aliyekohoa. Alisimama mbele ya mkeka ule akasema, "Shikamoo, mama." Bi Mwantumu akaishusha kanga kutoka usoni, akainua macho, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza. Alimtazama muda mrefu kuliko inavyotakiwa. Kisha akaitika marahaba, na karani akasoma mambo ya kikao.

Kikao kilikwenda vizuri. Sheria ya maji ilibaki, na mwaka uliofuata vijiji jirani viliiga. Boma lilinisifu. Mkiona mahali pameandikwa kwamba Kwedimvumo ndiko mwanamke alikokaa baraza moja na jumbe bila taabu yoyote, haikuandikwa uongo.

Jioni ya kikao kile mimi na Bi Mwantumu tulirudi nyumbani kwake, yeye mbele na mkeka kwapani, mimi nyuma na baiskeli. Karibu na nyumba tuliona moshi, Zaina anapika. Bi Mwantumu akasimama njiani, akaniambia bila kugeuka:

"Kumbe ana uso wa upole hivyo. Miaka yote nilikuwa sijui mwanangu alipenda nini."